Upepo wa ziwani hauji ghafla, naomba hilo neno mliache

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wenu wa barua, na kama itakuwa ndefu mnivumilie maana hili jambo limenikaa kooni miaka. Kila mtumbwi ukipinduka huku Ziwa Victoria habari inaandikwa kwa maneno yaleyale, "chombo kilipigwa na upepo mkali ulioibuka ghafla". Mtu wa Dodoma au wa Dar akisoma hivyo anaona upepo ni kama jambazi, ulijificha mahali ukaruka ukakaba watu. Mi nakausha dagaa hapa Igombe, Mwanza, tangu 2004, riziki yangu yote inategemea upepo, na nawaambia upepo wa ziwani una saa zake, una upande wake wa kutokea, una sababu zake, na mara nyingi unatoa taarifa kabla haujafika. Hizo saa hamziandiki, mnaandika idadi ya waliokufa na jina la mwalo, yaani pale ufukweni mitumbwi inapotua, basi.

Njooni asubuhi moja msimame kwangu, pale juu kidogo ya mwalo. Saa kumi na moja alfajiri nawasha kuni nichemshe chai ya vijana wanaotoka ziwani, na moshi unalala kuelekea majini, yaani unapita kwenye mteremko unaingia ziwani taratibu kama mtu anaenda kuchota maji. Ikifika saa tatu, saa tatu na nusu hivi, unasimama. Unapanda wima kama uzi, hauendi huku wala huku, na hapo joto linakuwa baya maana hata jani la mwembe halitikisiki. Saa tano unageuka, unaanza kulalia mlimani, sasa upepo unatoka ziwani, mwanzo unakuja kidogo kidogo unagusa tu khanga, ikifika saa nane saa tisa umeshapamba moto na maji yameanza kuwa na vichwa vyeupe. Huo ndo muda wa dagaa kukauka, mama akianika saa nane badala ya saa nne ameshapoteza siku na dagaa wake watalala na unyevu wataanza kunuka. Jua likizama unatulia tena, saa tatu saa nne usiku unageuka unarudi kutoka nchi kavu kwenda ziwani, na unaendelea hivyo mpaka asubuhi moshi wangu unapoukuta. Hii sikuisoma popote, nimeiona kwa macho zaidi ya miaka 20, na kina mama wote wa kwenye chanja za kuanikia dagaa wanaijua.

Sababu yake nilikuja kuielewa vizuri kwa ajili ya mwanangu. Kabula yuko kidato cha pili (jina alipewa na bibi yake kwa sababu alizaliwa siku ya mvua kubwa). Walipofundishwa upepo kwenye jiografia alirudi nyumbani na daftari lina mchoro wa mnazi, bahari na mishale miwili, mmoja upepo wa bahari mwingine upepo wa nchi kavu, ameshakariri ile mishale vizuri kabisa. Nikamuuliza mbona hamkuchora ziwa, akasema mama kitabuni ni bahari. Na dirisha la darasa lao linaangalia ziwa! Ukikaa dawati la nyuma unahesabu mitumbwi. Iliniuma, kwakweli iliniuma, mtoto anakariri mnazi wa pwani ambayo hajawahi kuiona wakati kitu chenyewe kinampuliza usoni kila siku akitoka shule.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi. Saa saba mchana nikamwambia vua ndala, simama kwenye mchanga, alafu panda lile jiwe. Hakumaliza kupanda, aliruka, mawe yetu haya ya Mwanza mchana yanaunguza nyayo kama kikaango. Nikamwambia haya ingia majini mpaka magotini. Akatulia, maji yamepoa vizuri. Usiku saa tisa nikamwamsha, alinuna sana lakini nikamshika mkono tukarudi palepale na tochi ya simu. Mchanga ulikuwa baridi kama sakafu ya simenti. Akaingia majini akasema mama mbona maji ya moto. Nikamwambia ni yaleyale ya mchana mwanangu, hayajapashwa na mtu.

Ukitaka kupasha joto kilo moja ya maji unahitaji joto karibu mara tano ya lile la kupasha kilo moja ya mchanga mkavu. Na jua likipiga majini linazama chini, mawimbi yanachanganya, joto linagawanyika, ila kwenye jiwe linaishia juu juu ndo maana linaunguza. Kwa hiyo mchana nchi kavu inachemka huku ziwa limetulia, hewa iliyo juu ya nchi inapata joto inakuwa nyepesi inapanda, na ile ya ziwani ambayo ni ya baridi na nzito inasogea kuchukua nafasi. Huko kusogea ndo upepo, hamna kingine. Waliokulia jiko la nyumba ya udongo wanajua, ukiwasha moto moshi na joto vinatokea juu kwenye matundu, na wewe uliyekaa kwenye kigoda unasikia baridi inaingia chini ya mlango inakupita miguuni kwenda kwenye moto. Usiku nchi inapoa haraka, ziwa bado lina joto lake la mchana, basi jiko linahamia ziwani na upepo unageuka.

Sasa hapa ndo naomba msomaji atulie, maana hapa ndo watu wanafia. Huo upepo wa usiku hautoki Igombe tu. Unatoka Musoma, unatoka Bukoba, unatoka Kisumu na Entebbe. Ziwa lina kilometa za mraba kama 68,800 na limezungukwa na nchi kavu pande zote, na nchi yote hiyo ikipoa usiku hewa yake inashuka kuingia ziwani kutoka kila upande zinaenda kukutana huko katikati. Zikikutana zitaenda wapi? Chini ni maji, nyuma kuna nyingine inasukuma, zinapanda juu, na zinapanda zimebeba unyevu wa ziwa lenye joto, kule juu unyevu unapoa unakuwa wingu, wingu linaota kama mlima mpaka linakuwa la radi. Ndo maana kwetu nchi kavu mvua za radi zinapenda mchana na jioni, lakini za ziwani zenyewe zinapenda usiku wa manane kuelekea asubuhi, kati ya saa tisa usiku na saa tatu asubuhi hivi, na zinakuwa nyingi zaidi upande wa magharibi na kaskazini magharibi ya ziwa kwa sababu upepo mkubwa wa mashariki unazisukuma huko. Hili limeonekana kwa setilaiti miaka mingi limeandikwa na wataalamu.

Na dagaa anavuliwa saa ngapi? Usiku. Tena kipindi cha giza, mwezi usipokuwepo, ndo taa zinavuta dagaa vizuri, mbalamwezi ikitoka vijana wanapumzika wanashona nyavu. Kwa hiyo saa ya kazi ya mvuvi wa dagaa na saa ya radi ya ziwa zinaangukia wakati mmoja. Sasa kitu kinachotokea saa ileile, kwa sababu ileile, msimu hadi msimu, mnakiita ghafla kwa kigezo gani?

Mdogo wangu wa kiume anavua. Usiku mmoja wa mwezi wa nne, giza limekolea, mi sikuwa nimelala, nilitoka nje kama saa tisa na robo kuangalia taa zao. Ukiziona kutoka juu utadhani kuna mji ziwani, zimejipanga nyeupe zinacheza cheza majini. Magharibi kulikuwa na radi ya mbali, inamulika bila sauti. Nilikuwa na jiko lenye makaa nje, moshi wake mwembamba ulikuwa unaenda ziwani kama kawaida ya usiku, nikaona umesimama. Usiku ule saa ile hautakiwi kusimama. Hewa ikawa nzito, hamna hata mbu, nikapiga simu haipatikani, nikapiga tena. Alafu nikaona taa za mbali zinazimika, moja, mbili, safu nzima, kama mtu anapita anazipuliza kwa mdomo kuja upande wetu.

Yeye anasimulia kwamba kwanza walisikia baridi usoni, kama umefungua friji, wakati walikuwa wamevua mashati kwa joto. Kisha wakaona mstari mweupe juu ya maji unakuja, kumbe ni povu. Mvua bado. Nahodha wao ni mtu mzima, hakusubiri, alikata kamba ya wavu, akageuza pua ya mtumbwi kuutazama upepo, akawaamuru wote wakae chini kabisa kwenye sakafu ya chombo na wachote maji kwa ndoo wasisimame hata mmoja. Wakakaa hivyo mpaka kumekucha. Walifika saa sita mchana, taa hamna, wavu hamna, midomo imekuwa ya bluu, lakini wote walikuwepo. Mwenye chombo alimkata mdogo wangu na wenzake pesa ya wavu miezi mingi, na hilo mi mpaka leo halijanitoka moyoni, maana ule wavu kama usingekatwa huyo mwenye chombo angekuwa anatafuta maiti.

Ile baridi kama friji ina maelezo yake na ningependa kila mvuvi ayajue. Mvua ikianza kushuka ndani ya wingu inaburuza hewa kwenda chini, na matone mengine yanakauka njiani kabla ya kufika, na kitu kikikauka kinapoza, kama wewe ukitoka kuoga ukakutana na upepo. Hewa ikipoa inakuwa nzito inaanguka. Inaanguka kama maji ya ndoo yaliyomwagwa sakafuni, ikigonga ziwa haina pa kwenda inasambaa pande zote kwa kasi, na inaitangulia mvua yenyewe kilometa nyingi. Kwa hiyo ukisikia baridi kabla ya tone la kwanza ujue wingu limeshamwaga, linakuja kwako, una dakika chache za kugeuza pua na kukalisha watu chini. Na mjue upepo ukiongeza mwendo mara mbili nguvu yake ya kusukuma inakuwa mara nne, ule wa jana uliokupeperusha kofia ukiongezeka mara mbili tu unapindua mtumbwi uliojaa.

Sasa niseme na ule upepo mkubwa wa dunia, maana na wenyewe unaingia kwenye hesabu za huku.

Baba mkwe wangu, Mungu amrehemu, alikuwa nahodha wa jahazi Pangani. Alikuja kutusalimia mwezi wa saba, akaamka asubuhi akasimama nje na msuli wake, akageuka geuka, akauliza, "Mwanangu, huku kusi mnaliitaje?" Nikamwambia baba huku tunasema upepo tu, huu ni wa nchi kavu, unatoka kila alfajiri. Akatikisa kichwa, akasema huu wa nchi kavu una mwenzake ndani yake. Nilidhani ni kutamani kwao tu, kumbe alikuwa anajua anachosema.

Hapa karibu na ikweta jua linapiga utosini, hewa inapata joto inapanda mwaka mzima, na hewa ya kaskazini na ya kusini zinakuja kujaza pengo, ni lile jiko la udongo limekuwa na ukubwa wa dunia. Zinapokutana panakuwa na mkanda wa mawingu na mvua unaozunguka dunia yote, na huo mkanda unalifuata jua, likienda kaskazini unaenda, likirudi unarudi, kwetu unapita mara mbili kwa mwaka ndo tunapata vuli na masika. Ile hewa iliyopanda inaenda mbali huko juu kisha inashuka kwenye nyuzi 30 hivi kaskazini na kusini, imekauka haina mvua tena, angalia ramani uone Sahara iko wapi na Kalahari iko wapi. Ikishashuka inarudi chini chini kuja ikweta, inaanza safari upya.

Na kwanini haiji moja kwa moja kutoka kusini, inakuja kutoka kusini mashariki? Dunia inazunguka kwenda mashariki. Ardhi ya kwenye ikweta inakimbia karibu kilometa 1,670 kwa saa, ile ya usawa wa Durban kama 1,450, duara lao ni dogo. Hewa ikitoka kule inakuja na mwendo wa kule, kila ikisogea ikweta ardhi inaiacha, kwahiyo sisi tuliosimama tunaisikia kama inatokea mashariki. Mwingereza mmoja George Hadley alilieleza hivyo mwaka 1735, waliomtangulia walijua joto la jua ila walikuwa hawajaunganisha na huku kuzunguka kwa dunia. Maelezo yalikuja kurekebishwa baadae lakini msingi ni huo.

Kitu kilichonifurahisha kuliko vyote ni kusi na kaskazi zenyewe. Mwezi wa sita mpaka wa nane bara la Asia linachemka, Bahari ya Hindi imepoa kidogo kuliko hilo bara, upepo unatoka baharini kwetu kusini unavuka ikweta unaenda mpaka India kupeleka mvua, hilo ndo kusi. Mwezi wa kumi na mbili mpaka wa pili Asia imepoa, bahari ina joto, upepo unageuka unatoka kaskazini mashariki kuja kwetu, hiyo ni kaskazi, iliyoleta majahazi ya Oman na India miaka na miaka na kusi likayarudisha. Mnaona? Ni moshi wangu! Asia ndo mlima wa Igombe, bahari ndo ziwa, mchana wao ni miezi ya katikati ya mwaka na usiku wao ni miezi ya Desemba. Wangu unageuka mara mbili kwa siku, ule unageuka mara mbili kwa mwaka, na zile wiki za katikati ambazo baba mkwe alikuwa anaziita maleleji, upepo hauna msimamo, jahazi linalala bandarini, ni ile saa tatu na nusu asubuhi moshi unaposimama wima kama uzi. Nilimweleza Kabula hili akanyamaza muda mrefu alafu akasema basi mama dunia nzima ina jiko moja. Sikuongeza neno.

Kwa hiyo mzee alikuwa sahihi. Mwambao wetu wa Mwanza uko kusini ya ziwa, upepo wa nchi kavu wa alfajiri unatokea kusini mashariki, na kusi la miezi ya sita mpaka ya nane nalo linatokea kusini mashariki. Yanajumlishana. Asubuhi za Julai unamkuta kijana ametoka na mtumbwi wa kasia, kwenda unampeleka kama gari, kurudi hawezi. Mchana yanapingana, moshi wangu mwezi wa saba unachelewa kugeuka, kuna siku mpaka saa saba bado umesimama na sisi tunangoja upepo wa ziwani tukaushe mzigo. Hilo kusi ndo linalolikoroga ziwa pia, ziwa letu ni pana ila halina kina kirefu, penye kina kirefu kabisa ni mita 80 na kitu, miezi hiyo maji ya juu na ya chini yanachanganyika.

Kwa ufupi hatari ziko mbili na hazifanani, kuna ya masika na vuli ambayo ni radi za usiku, na kuna ya kiangazi cha katikati ya mwaka ambayo ni upepo wa kudumu unaovuma siku nyingi na mawimbi marefu. Gazeti linaziandika zote kwa sentensi moja.

Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokuwa kinaikaribia pwani ya Tanzania hapa mwaloni watu waliogopa, kina mama wengine walifunga biashara wakisema kinakuja ziwani. Vimbunga vya namna ile haviumbiki huku, vinahitaji kule kupinda kwa upepo kunakotokana na mzunguko wa dunia ili vijizungushe, na karibu na ikweta kupinda huko ni kudogo mno, Mwanza tuko nyuzi mbili na nusu tu kusini ya ikweta. Angeandika mtu mistari minne hiyo kwenye gazeti wiki ile wale mama wasingepoteza siku zao tatu.

Naomba pia upepo usisingiziwe. Meli ya MV Bukoba ilipozama Mei 21, 1996, na kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka kisiwani Ukara Septemba 20, 2018, kilichozungumzwa kikubwa ilikuwa watu na mizigo kupita uwezo wa chombo. Tulizika ndugu zetu. Upepo ukigeuzwa kuwa wa ghafla kila mara, yule aliyejaza chombo kupita kiasi anapata pa kujificha, na yule aliyepeleka vijana usiku wa radi bila laifu jaketi hata moja naye anapata pa kujificha. Kwa ziwa lote, nchi zote tatu, yamekuwa yakitajwa makadirio ya watu 3,000 mpaka 5,000 wanaokufa kila mwaka. Hata wangekuwa nusu ya hao, hata robo.

Na simwombi mtu auchukie upepo. Sehemu kubwa ya maji ya ziwa hili, karibu asilimia 80 ya yanayoingia, ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe, mito yote ikijumlishwa inaleta kidogo kuliko hiyo. Yaani zile hewa zinazokutana usiku zikapanda zikawa radi ndo zinalijaza ziwa, ndo zinapeleka maji Jinja yaende Nile mpaka Misri. Bila upepo ule ule unaotutia hofu tusingekuwa na dagaa wala ziwa.

Ninachoomba kwenu ni kidogo sana. Mamlaka ya Hali ya Hewa wanatoa utabiri wa ziwa, upepo na mawimbi, na rada ya hali ya hewa ipo hapahapa Mwanza. Mchukue huo utabiri muuweke kwenye kona moja ya gazeti kila siku kwa lugha ya mwaloni. Msiandike kilometa 40 kwa saa mkaishia hapo, andikeni leo usiku kuanzia saa fulani radi zinatarajiwa upande fulani, mtumbwi wa kasia usitoke, wa injini usivuke kisiwa fulani. Mkipata nafasi mweke na mchoro, na mchoro uwe na ziwa. Kina mama tunaofungia dagaa kwenye magazeti ya zamani tunayasoma yote kabla hatujafungia, hilo nawahakikishia, habari ya upepo itasomwa mpaka Ukerewe.

Na chombo kikipinduka tena, Mungu apishe mbali, mwandishi wenu asiulize tu wamekufa wangapi. Aulize ilikuwa saa ngapi. Aulize upepo ulitoka upande gani, mwezi ulikuwepo au ni giza, baridi ilianza kabla ya mvua au baada, watu walikuwa wangapi, laifu jaketi zilikuwa ngapi, na nani aliwaambia watoke usiku ule. Akishajibiwa hayo aandike, na hilo neno ghafla akiona bado linahitajika aliweke.

Naishia hapa, ni saa tano kasorobo na moshi umeanza kulalia mlimani, dagaa wanataka kugeuzwa.

Mama Kabula,
Igombe, Mwanza